INSIDE: yule mtoto alikuwa anatoroka, au alikuwa ametumwa?

Mkazi wa Sakina, Arusha (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, mada hii ni kwa wale waliokwisha kuumaliza mchezo wa video wa INSIDE, uliotengenezwa na studio ya Playdead ya Copenhagen, Denmark, na kutolewa mwaka 2016. Ambaye hajaucheza na anakusudia kuucheza ni heri aufunge uzi huu mapema, kwa sababu nitautaja mwisho wake waziwazi, nao ni mchezo mfupi, wa saa 3 au 4 hivi, kiasi kwamba ukishasimuliwa hakibaki kitu cha kukushtua.

Kwa kifupi, tunamwongoza mvulana mdogo mwenye shati jekundu, ambaye usoni hana macho wala mdomo, akiteremka msituni usiku huku watu wenye magari, tochi na mbwa wakimsaka. Anapita kwenye shamba lenye mahindi na nguruwe waliokufa, anaingia katika mji ambamo watu walionyong'onyea wanatembezwa kwa mistari, anavuka kiwanda kilichofurika maji, na hatimaye anafika kwenye maabara kubwa. Humo, ndani ya tangi la maji, limefungwa dubwana lililoundwa kwa mikono, miguu na viwiliwili vya watu, likiwa limeunganishwa na mitambo 4. Mtoto anaichomoa mitambo hiyo, dubwana linamvuta ndani yake, na tangu hapo hatumwongozi mtoto tena bali tunaliongoza dubwana lenyewe, likibomoa kuta na kuponda watu mpaka linapoporomoka kilimani na kutulia kwenye nyasi kando ya maji, mwanga ukiliangukia. Baada ya hapo majina ya watengenezaji yanaanza kupita.

Katika safari yote hiyo halitamkwi neno hata moja, wala hakuna maandishi ya kumweleza mchezaji nini kinaendelea. Hilo silo linalonisumbua. Kinachonisumbua ni mwelekeo. Mtu anayewakimbia wawindaji hujitenga nao, lakini huyu kila mlango anaoufungua unampeleka ndani zaidi ya mahali wanakotoka hao wanaomwinda. Mwanzoni wanamwua papo hapo wakimwona, kwa risasi, kwa mbwa, hata kwa kumkaba koo. Akifika maabara, wafanyakazi wanampita mbio kwenda kuchungulia tangi, naye anajipenyeza katikati yao bila mtu kumshika bega na kumwuliza ametoka wapi. Basi, alikuwa anatoroka, au alikuwa ametumwa? Na kama alitumwa, aliyemtuma ni dubwana, ni wenye maabara, au ni mimi niliyeshika pedi ya kuchezea? Vijana wa kibanda cha gemu cha hapa mtaani wamenijibu kwamba ni mchezo wa kutisha tu, nisijisumbue. Naomba maoni ya watu waliotazama kwa makini.

Mkibosho, Moshi

Ndugu mleta mada, umelileta swali mahali pake, na nashangaa kwamba Mtanzania anaweza kuucheza mchezo huu mpaka mwisho bila kumkumbuka msukule. Habari zake tumezisikia sote: mtu anafariki ghafla, ndugu wanalia, wanazika, wanaanua matanga, kumbe kilichomo kaburini ni mgomba, na marehemu mwenyewe yuko kwa mchawi, analima usiku na kulishwa pumba, wala hajijui kwamba ni yeye. Watazame sasa wale watu wa INSIDE. Mikono inaning'inia, shingo imelegea, hawakwepi kitu wala hawaombi kitu. Wakiongozwa wanafanya kazi. Wakiachwa wanaanguka chini.

Angalia jinsi jambo hilo linavyojengwa hatua kwa hatua. Pale shambani kuna nguruwe mmoja aliye hai ambaye anamvamia mtoto kwa hasira, na nyuma yake kunaning'inia mnyoo. Ukiukamata na kuunyofoa, nguruwe anatulia saa ile ile. Mimi nalichukua tukio hilo kuwa somo la kwanza: mwili unaweza kuendeshwa na kitu kisicho chake. Baadaye inakuja ile kofia yenye taa inayoning'inia darini. Mtoto anaingiza kichwa, na miili iliyokuwa imelala chumbani inainuka, ikitembea akitembea na kuruka akiruka. Halafu, na hapa ndipo nilipoiweka pedi chini kwanza nikafikiri, kuna fumbo ambalo mmoja wa hao wanaoongozwa inabidi naye aingizwe kwenye kofia yake ili awaongoze wengine. Mtoto anamwongoza mtu, na mtu huyo anaongoza watu. Ukishaonyeshwa mnyororo wenye pete tatu, huna budi kuuliza kama pete ya juu nayo haijashikwa na mwingine.

Jibu liko katika mwisho wa siri, ambao wengi hawaufikii. Katika sehemu mbalimbali za mchezo kumefichwa vyumba vyenye tufe za chuma zinazotoa mwanga, na kila moja inaweza kuzimwa kwa kuchomoa nyaya zake. Ukizizima zote, unaweza kurudi kwenye lile shamba la mahindi na kushuka chini ya ardhi, ambako kuna chumba chenye mitambo, kofia ile ile ya kuongozea, na plagi ukutani. Mtoto anaivuta plagi. Inapotoka, yeye mwenyewe analegea, shingo inainama, mikono inaning'inia, anasimama vile vile wanavyosimama wale wa mjini, na skrini inakuwa nyeusi. Sioni nafasi ya ubishi hapo. Mtoto alikuwa msukule tangu hatua ya kwanza msituni, na mwenye kumwongoza ni yule aliyekaa sebuleni na pedi mkononi.

Mwalimu wa Rau, Moshi

Mkibosho, mdogo wangu, umeeleza vizuri sana na sehemu ya kofia nakubaliana nawe. Lakini habari ya msukule haikai sawa, na tofauti yenyewe ndiyo inayoutisha mchezo huu. Msukule anaibwa. Ana mama aliyemlilia, ana ndugu wanaokwenda kwa waganga kumtafuta, na mchawi hufanya shughuli yake gizani kwa kuwa anajua kwamba akibainika kijiji kitamgeukia. Katika INSIDE hakuna hata mtu mmoja anayemlilia mwenzake. Mambo yanafanyika peupe.

Rudini kwenye tukio la mstari kule mjini. Mtoto anadondokea katikati ya watu wanaotembezwa, na hana pa kujificha isipokuwa kujifanya mmoja wao. Wakipiga hatua, naye apige, wakisimama, asimame, wakigeuka, ageuke, wakiruka, aruke nao kwa wakati ule ule. Ukichelewa kidogo tu umekamatwa. Na pembeni wapo watu wazima, wamevaa barakoa, wamesimama wanatazama kwa utulivu, bila hofu na bila haya. Huo si uchawi. Hiyo ni biashara, au ni serikali, au vyote viwili kwa pamoja, na wale watazamaji hawatofautiani na watu waliokwenda mnadani kuangalia bidhaa. Mchawi wa hadithi zetu angeona aibu kuwa na ofisi. Hawa wana ofisi, wana makoti ya kazi na wana ratiba.

Kuhusu nani aliyemtuma, nawaomba mrudi kwenye sehemu za maabara na mtazame yaliyomo vyumbani badala ya kukimbilia mlango. Kuna mfano mdogo wa mandhari, uliotengenezwa kwa mkono na kumulikwa kwa taa, na mandhari hayo ni kile kilima cha mwisho, pale pale ambapo dubwana linakuja kulala, na mwanga unaangukia pale pale. Wenye maabara walikuwa na picha ya mahali pa kutorokea kabla mtoroshaji hajafika. Unganisheni hilo na mambo mawili. Dubwana linapopita, wapo wafanyakazi wanaolikimbia, lakini wapo pia wanaolisaidia kusonga mbele. Tena wanalinasa, wanalitumbukiza katika tangi jingine, nalo linatoka tena. Ninavyosoma mimi, hilo ni jaribio. Mtoto hakutumwa na dubwana ili alikomboe. Aliletwa kama kiungo kimoja zaidi kilichokuwa kinahitajika, na ile nyasi ya mwisho ni kizimba kikubwa zaidi, chenye upepo na mwanga.

Fundi Redio, Kijenge, Arusha

Shikamoo Mwalimu, na salamu kwa wachangiaji wote. Mnazungumzia macho pekee, ilhali katika mchezo huu ushahidi mkubwa uko masikioni. Aliyesimamia sauti ni Martin Stig Andersen, na kuna jambo moja alilolifanya ambalo kwa fundi kama mimi ni la kustaajabisha: alizipitisha sauti za mchezo katika fuvu halisi la binadamu na kuzirekodi tena zikiwa zimesafiri kwenye mfupa. Kila mtu anajua kwamba sauti yake mwenyewe anaisikia tofauti na wanavyoisikia wenzake, kwa kuwa sehemu ya sauti hiyo inamfikia kwa kupitia mifupa ya kichwa. Kwa hiyo mngurumo ule mnaousikia katika INSIDE, mzito na uliozibwa, umetengenezwa ili usikike kama unatoka ndani ya kichwa chenu wenyewe. Mchezo wenye jina hilo, yaani "Ndani", na wenye kofia za kuongoza watu, haukufanya hivyo kwa bahati.

Jambo la pili ni pumzi. Mtoto hasemi, lakini anahema, na kuhema kwake kunafuata hali: akikimbizwa anatweta, akijificha pumzi inashuka taratibu. Sikilizeni mnapokuwa mmejibanza nyuma ya kitu huku tochi ikipita. Hapo hakuna muziki, kuna pumzi tu, na mimi nimejikuta nimeibana ya kwangu.

La tatu ndilo linalogusa swali la mleta mada. Michezo mingi, mhusika akifa, kila kitu kinaanza upya, pamoja na muziki. Katika INSIDE mtoto akifa na kurudishwa, sauti ya mahali pale haikatiki, inaendelea kutoka ilipofikia. Pale kwenye mawimbi ya mshindo, ambako kila baada ya muda ule ule linakuja pigo linalorarua mwili usipojikinga nyuma ya chuma, mapigo hayamsubiri mtoto afufuke. Yanaendelea na mwendo wake. Watengenezaji walikuwa na sababu za kikazi za kufanya hivyo, ili mchezaji asichoshwe na muziki unaorudia mwanzo kila mara. Lakini matokeo yake kwa hadithi ni kwamba kifo cha mtoto hakihesabiki popote. Mmoja akianguka, mwingine anasukumwa mbele, na kiwanda hakisimami. Hapo naelemea upande wa Mwalimu.

Nawakumbusha pia yule kiumbe wa majini mwenye nywele ndefu, anayeogopa mwanga na anayemzamisha mtoto kila akimpata. Mara ya mwisho anamvuta chini kabisa na kumwunganisha na kifaa chenye waya. Tangu wakati huo mtoto anaweza kukaa chini ya maji bila kuhitaji hewa, na anawaongoza wale watu bila kofia. Kwa maoni yangu ubinadamu wake uliishia pale, muda mrefu kabla ya tangi, na hakuna aliyelitaja tukio hilo hapa hata kidogo. Anayetaka kuurudia mchezo na avae hedifoni. Kuucheza kwenye runinga ya kibandani, pembeni kuna watu wanashangilia mpira, ni kuupoteza.

Mfugaji, Usa River

Naheshimu maelezo yenu, lakini naona mnawafanyia watengenezaji kazi ambayo walipaswa kuifanya wenyewe. Hadithi ni mwanzo, kati na mwisho. Mtu akiniwekea nguruwe wenye minyoo, watoto wa majini, mapigo ya mshindo na dubwana, halafu asinieleze hata kimoja kinahusiana vipi na kingine, mimi simwiti msanii, namwita mtu aliyechoka njiani. Ninyi hapa tayari mna majibu matatu yasiyopatana, na kila mmoja ana ushahidi. Hiyo si dalili ya kina. Ni dalili kwamba mwenye hadithi hakuamua.

Niseme la haki pia. Nafuga nguruwe, na yule mnyama wa pale shambani anavyokimbia, anavyojigonga ukutani na kuyumba kabla ya kusimama tena, ametengenezwa na mtu aliyekaa akamtazama nguruwe wa kweli. Hata wale vifaranga wanaomfuata mtoto kwa miguu yake ni vifaranga kweli. Kazi ya mikono siikatai. Naikataa hadithi.

Mkazi wa Sakina, Arusha (mleta mada)

Nawashukuru wote. Ndugu Mfugaji, hoja yako ni nzito na ndiyo hasa niliyokuja nayo, ila imeanza kunilegea baada ya kusoma michango hii. Mwaka 2017 mchezo huu ulipewa tuzo 4 za BAFTA kule Uingereza, na mojawapo ilikuwa ya usimulizi. Tuzo haithibitishi kwamba hadithi ni nzuri, lakini inaonyesha kwamba wapo watu wa kazi hiyo wanaokubali kuwa mchezo usio na neno unaweza kusimulia. Nadhani tofauti yetu ni hii: wewe unasema hawakuamua, nami naanza kuona kwamba waliamua mambo mengi mno, kwa uangalifu mno, kisha wakaliacha moja wazi kwa makusudi. Mtu aliyechoka njiani hatengenezi mfano wa kilima cha mwisho na kuuweka chumbani ambamo wachezaji wengi watapita mbio.

Wamekuwa na tabia hiyo tangu zamani. LIMBO, mchezo wao wa mwaka 2010, ulikuja na sentensi moja tu ya maelezo, kuhusu mvulana asiyejua dada yake amepatwa na nini. Mwishoni mtoto anavunja kioo, anaamka msituni, anamkuta msichana ameinama. Msichana anashtuka, na mchezo unakatika hapo. Ukirudi kwenye ukurasa wa mwanzo unaonyeshwa mahali pale pale, na inzi wanazunguka. Hawajasema kwamba watoto hao wamekufa. Wameweka inzi, na inzi huwafuata nini sote tunajua. Miaka 6 ikapita kati ya mchezo ule na huu, na nionavyo mimi wakati huo wote waliutumia kuongeza vitu vya namna ya wale inzi, bila kuongeza maelezo.

Sasa namwuliza Mwalimu. Ukisema kwamba kila kitu kilipangwa na maabara, unaieleza vipi plagi ya Mkibosho? Chumba kile hakiko maabara. Kiko chini ya shamba, karibu na mwanzo wa safari, na kwa muonekano wake ni chumba kilichoachwa.

Mwalimu wa Rau, Moshi

Umenibana vizuri, nami sitajaribu kuiunganisha plagi na maabara kwa nguvu. Nitakachosema ni kwamba miisho hii miwili haifai kusomwa kana kwamba mmoja ni wa kweli na mwingine ni wa ziada. Mwisho wa siri unaonyesha mchezaji akikata uongozi kwa hiari: unaivuta plagi, na mtoto anabaki mwili mtupu. Ule wa kawaida unafanya jambo lile lile kutoka upande mwingine. Dubwana linapotua kwenye nyasi, shikeni pedi na mbonyeze chochote mnachotaka. Haliitiki. Mchezo mzima umetuzoesha kwamba kinachoongozwa kikiachwa kinaanguka na kulala, na sasa lile tuliloliongoza limelala, nasi hatuna tena uwezo wa kuligusa.

Mkibosho atasema kwamba hapo limekufa kwa kuwa aliyekuwa analiongoza ameondolewa. Mimi sikubali, kwa sababu katika mwisho wa siri ni sisi tuliovuta plagi, na katika huu hatukuvuta chochote. Uongozi umekatwa bila ruhusa yetu, juu ya kilima ambacho wenye maabara walikuwa nacho tayari kwenye mfano wao. Aliyeukata ni nani? Kama ni dubwana lenyewe, basi liko huru na mleta mada amepata mtoroshwaji wake. Kama ni maabara, basi mchezaji naye alikuwa kifaa chao na kazi yake imekwisha. Nashikilia hilo la pili, na anayetaka kunipinga aanzie kwenye ule mfano wa kilima.